Ndege Unayoitamani kwa 1/32: Hesabu Zinazoamua Kama Itatoka

Dornier Do 335, ndege ya Kijerumani yenye injini moja puani na nyingine mkiani, haikufika hata 50 hadi vita vinaisha mwaka 1945. Hata hivyo kampuni za modeli HK Models na Zoukei-Mura zote mbili zimeitoa kama seti ya plastiki ya kuunganisha kwa skeli ya 1/32, yaani sehemu moja ya thelathini na mbili ya ukubwa halisi. Vickers Wellington ilitoka viwandani zaidi ya 11,400. Ilipiga mabomu, ikasaka nyambizi, ikafundishia marubani, na wapenzi wake wa 1/32 wameingoja miaka nenda miaka rudi. Kila mwanzo wa mwaka, makampuni yanapotangaza mipango yao kwenye maonyesho ya vinyago ya Nuremberg, Ujerumani, orodha za matamanio huandikwa upya, na mambo huwa yaleyale: ndege inayotajwa na wengi haimo, na ambayo hakuna aliyeiomba inatoka mara mbili.

Makampuni si viziwi. Umaarufu wa ndege ni kigezo kimoja tu, tena si kizito kuliko vyote. Kinachoamua ni chuma cha kalibu, upana wa boksi, idadi ya matoleo yanayoweza kuzaliwa kutoka kalibu hiyohiyo, na kama kuna ndege halisi ya kupimwa. Anayezijua hesabu hizi anaweza kutabiri vizuri ombi lake lina nafasi gani, na akaliandika namna ambayo mtengenezaji atalisoma hadi mwisho.

Ukubwa unakula nini

Kutoka 1/48 kwenda 1/32 urefu unaongezeka mara 1.5. Wengi huishia hapo. Lakini eneo la ngozi linaongezeka mara 2.25, na ujazo karibu mara 3.4. Spitfire yenye upana wa mabawa wa mita 11.23 ni sentimita 23.4 kwa 1/48, sentimita 35.1 kwa 1/32 na sentimita 46.8 kwa 1/24. Hiyo inakaa kwenye rafu ya kawaida. Lancaster, ndege ya mabomu yenye mita 31.09, inafika sentimita 97. B-24 inapita mita moja, na B-29 ingekuwa sentimita 134.5, yaani pana kuliko milango mingi ya nyumba zetu. Mnunuzi anayesema "nitanunua tano" hununua moja, na hiyo moja hukaa kwenye boksi chini ya kitanda kwa sababu hana pa kuiweka ikishaunganishwa. Wauzaji wanalijua hilo.

Ukubwa pia unabadilisha kinachodaiwa na jicho. Katika 1/72 ukingo wa nyuma wa bawa wenye unene wa nusu milimita hausemwi sana. Katika 1/32 ukingo wa milimita 1 ni sawa na sentimita 3.2 kwenye ndege halisi, ambako bati lenyewe ni la milimita chache. Mstari wa maungio ya bati wenye upana wa milimita 0.2 unakuwa mwanya wa milimita 6.4, ambao fundi wa ndege asingeukubali. Chumba cha rubani kinataka mikanda, waya na saa zinazosomeka. Injini inatakiwa ionekane. Mnunuzi anataka kufungua vifuniko vya bunduki. Tamiya walipotoa Spitfire Mk.IX mwaka 2009 waliweka hata sumaku ndogo za kushikilia mabati ya injini ili yavuliwe na kurudishwa. Tangu hapo kila mtu anapimwa kwa kipimo hicho, na kila kitu kinachofunguka ni sehemu zaidi, chuma zaidi, miezi zaidi.

Chuma cha kalibu

Sehemu za plastiki hutoka kwenye kalibu za chuma zenye nusu mbili zinazofungana. Polistirini iliyoyeyushwa kwa nyuzijoto 200 na kidogo inasukumwa ndani kwa mgandamizo mkubwa, inapoa, kalibu inafunguka, pini zinasukuma nje fremu ya plastiki iliyoshika sehemu. Kuchonga chuma hicho ndiko kunakomeza pesa: kwanza mashine ya kompyuta, kisha elektrodi za shaba au grafiti zinazokula chuma kwa cheche mahali ambapo kikatio hakifiki. Seti kubwa ya ndege inaweza kuhitaji kalibu kumi na zaidi, na gharama yake hutembea kutoka makumi ya maelfu ya dola hadi mamia ya maelfu.

Hapa kuna kanuni ambayo wapenzi wengi hawaijui, nayo inaeleza kwa nini baadhi ya malalamiko husikilizwa na mengine hupuuzwa. Chuma ni rahisi kupunguza na ni vigumu kuongeza. Pale ambapo plastiki ni nyembamba mno au fupi mno, fundi anachimba chuma kidogo na plastiki inanenepa. Pale ambapo plastiki ni nene mno, inabidi achomelee chuma, akisawazishe, achonge upya, na mara nyingi alama inabaki. Kwa mistari ya bati mambo yanageuka: mstari uliozama kwenye plastiki ni ukuta uliosimama kwenye chuma. Mstari ulio na kina kupita kiasi unatibika kwa kunyoa ukuta huo. Mstari uliosahauliwa hautibiki kirahisi, kwa maana ukuta haupo na chuma chake kilishachongwa. Riveti zilizovimba ni vitobo tu, zinaongezwa mchana mmoja. Kwa hiyo picha za sehemu za majaribio zilizotoka kwenye kalibu zinapotolewa na mtu akaandika "pua ni nene kwa milimita 1", ameomba jambo gumu. Akiandika "pua ni nyembamba", ana bahati. Marekebisho makubwa hukubaliwa pale ndege ikiwa bado ni mchoro wa kompyuta, miezi mingi kabla ya picha hizo.

Kizuizi cha pili ni mwinamo. Kalibu haiwezi kuachia kitu chenye kuta zilizosimama wima kabisa. Sehemu lazima ipanuke kidogo kuelekea inakotokea, kama kitumbua kinavyochomoka kwenye chuma chake. Nusu ya kiwiliwili cha ndege inalala ubavu ndani ya kalibu, basi mistari ya ubavuni hutoka safi, na inapokaribia mgongo na tumbo inafifia hadi kutoweka. Si uvivu wa mchongaji. Mahali hapo kuta za kalibu zinakwenda sambamba na mwelekeo wa kufunguka, na mstari wenye kina ungeikwangua plastiki wakati wa kutoka. Dawa ni kuuchonga upya kwa sindano ya kuchorea, ukiongozwa na utepe mgumu wa plastiki, kupita mara nne au tano kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza mara moja, sindano inateleza. Kalibu zenye vipande vinavyosogea pembeni hutatua sehemu ya tatizo hili, ndiyo maana mitutu ya bunduki hutoka na tundu lake na vifuniko vya injini hutoka kipande kimoja. Kila kipande kinachosogea kinaongeza bei.

Kisha kuna kusinyaa. Polistirini husinyaa kati ya asilimia 0.4 na 0.7 inapopoa. Kwa bawa la Spitfire ya 1/72 hilo halionekani. Kwa nusu ya bawa yenye sentimita 41, asilimia 0.5 ni milimita 2 kamili, na ikiwa bati la juu ni nene kuliko la chini, mawili hayo hayasinyai sawa. Matokeo ni bawa lililopinda, au maungio yanayoachana shinani. Bawa lililopinda linyooshwe kabla ya gundi: lizamishe kwenye maji ya nyuzijoto 60 hadi 70 kwa dakika moja, likunje taratibu kupita kidogo mstari ulionyooka, kisha lipozwe kwenye bomba ukiwa umelishikilia. Maji yanayochemka yanaharibu. Karibu na nyuzijoto 100 polistirini hulegea yote na kingo nyembamba zinajikunja.

Hesabu ya boksi

Chukua namba za mfano, si za kampuni yoyote. Kalibu, utafiti na michoro vimegharimu dola 300,000. Boksi linauzwa dukani kwa dola 150. Msambazaji na duka wanachukua chao, kiwanda kinabaki na dola 60. Plastiki, boksi, kitabu, dekali (nembo za kubandika) na mikono ya kufungasha vinakula dola 25. Zimebaki dola 35 kwa kila boksi. Gawanya: boksi 8,571 lazima ziuzwe kabla faida ya senti moja haijaonekana. Kwa ndege ambayo watu 3,000 duniani wanaililia, huo ndio mwisho wa mazungumzo.

Sasa toleo la pili. Kama mabawa, kiwiliwili na magurudumu ni yaleyale, na kinachobadilika ni fremu mbili zenye pua mpya na mkia mpya, gharama ya ziada inaweza kuwa dola 60,000. Matoleo matatu kwa pamoja ni dola 420,000, yaani boksi 12,000, wastani wa 4,000 kwa kila toleo. Ghafla ndege ileile imewezekana. Ndiyo sababu Tamiya baada ya Spitfire Mk.IX walitoa Mk.VIII na Mk.XVI, na baada ya Corsair F4U-1 ya mwaka 2013 wakafuata F4U-1A na F4U-1D. Ukifungua seti yoyote na kukuta sehemu 20 zilizowekewa alama ya "zisitumike", au fremu ya bawa iliyokatwa ncha mahali ambapo si lazima ikatwe, hapo unasoma mpango wa miaka mitatu ijayo. Hiyo ni dalili ya kuaminika kuliko tangazo lolote.

Leseni nayo imo. Boksi nyingi za ndege za Marekani zina nembo ya kibali cha Boeing au Lockheed Martin, na kibali ni mkataba wenye malipo. Uzito wa posta ni jambo jingine linalosahaulika: boksi la ndege ya injini nne huingia kwenye daraja la vifurushi vikubwa, na mnunuzi wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kulipa nauli na ushuru unaokaribia bei ya seti yenyewe.

Wellington kwenye meza ya mtengenezaji

Tuipitishe Wellington kwenye hesabu hizi, maana kila anayeitamani huanza na idadi ya zilizotengenezwa, na hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote.

Upana wake ni mita 26.26, basi sentimita 82 kwa 1/32. Si ya kukatisha tamaa. HK Models na HobbyBoss wameuza ndege za injini nne zilizo kubwa zaidi. Matoleo yapo tele. Mk.IC ilitumia injini za Pegasus, Mk.II za Merlin, Mk.III na Mk.X za Hercules. Mabawa na sehemu kubwa ya kiwiliwili vinaweza kutumika kwa zote; injini zinakuwa fremu tofauti; minara ya bunduki inabadilika, kwa kuwa mnara wa mkiani wa Mk.IC ulikuwa na bunduki 2 na wa Mk.III ulikuwa na 4. Ziko pia zile za doria ya bahari zenye milingoti ya rada mgongoni. Kimahesabu hii ni familia nzuri. Ndege halisi zimebaki mbili za kupimwa, moja ya jumba la makumbusho la Brooklands iliyoopolewa Loch Ness mwaka 1985, na nyingine ya makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza.

Shida ni ngozi. Mhandisi Barnes Wallis aliiunda kwa kimia cha vyuma vilivyopishana kama almasi, kikafunikwa kitambaa. Kitambaa kinabonyea kidogo kati ya vyuma. Kama kinabonyea milimita 5 kwenye ndege halisi, kwa 1/32 ni milimita 0.16, unene wa karatasi mbili hivi. Mchongaji akizidisha, ndege inaonekana na njaa. Akipunguza, rangi ya kwanza inaufuta umbo wote. Ubavuni kuna madirisha marefu, na kupitia hayo kimia kinaonekana kwa ndani. Kwa hiyo nusu ya kiwiliwili lazima iwe na mchongo pande zote mbili. Hapo kanuni nyingine inaingia: ubavu wa ndani usizidi takriban asilimia 60 ya unene wa ukuta, la sivyo plastiki nene inasinyaa zaidi na kuacha bonyeo upande wa nje. Kwa ukuta wa milimita 1.2, kimia kisizidi milimita 0.7. Tena pini za kusukumia lazima ziguse upande wa ndani, na kila pini inaacha duara katikati ya kimia, ambalo hakuna msasa unaoingia kulisafisha. Njia ya usalama ni kutengeneza kimia kama ganda la pili linaloingizwa ndani ya kiwiliwili, yaani kulipia kiwiliwili mara mbili.

Linganisha na Do 335: mabati yaliyonyooka, milango ya injini inayofunguka, umbo la ajabu linalouza boksi lenyewe kutoka rafuni, na ndege moja iliyobaki, katika kituo cha Udvar-Hazy cha Smithsonian, iliyo wazi kwa anayetaka kuipima. Ndege za Kijerumani za mwisho wa vita zina wanunuzi wanaozikusanya zote bila kujali kama ziliwahi kupigana. Mtu anaweza kukasirika, lakini boksi zinauzwa.

Kwa nini mbili hutoka pamoja

Kutoka uamuzi hadi dukani miaka 2 au 3 ni kawaida. Katika muda huo kampuni hainyanyui mdomo, kwani mwenye kutangaza mapema humpa mshindani nafasi ya kumuwahi au humzuia mnunuzi kununua seti ya zamani iliyoko ghalani. Matokeo yake makampuni mawili yanaweza kuchonga kitu kimoja gizani. Mwaka 2015 Tamiya na HK Models zote zilikuja na Mosquito za 1/32. Hizo ziliponea kwenye tofauti, kwa sababu ya Tamiya ni FB.VI yenye bunduki puani na ya HK ni B.IV ya mabomu yenye pua ya kioo.

Lancaster ilikuwa kesi ngumu zaidi. Wingnut Wings ya New Zealand, iliyoanza kuuza mwaka 2009 chini ya mwongozaji wa filamu Peter Jackson na kujijengea jina kwa ndege za Vita vya Kwanza, ilijitosa kwenye Lancaster ya 1/32 wakati HK nayo inayo. Mwaka 2020 Wingnut ikafunga. Lancaster hiyo ikaibukia mikononi mwa Border Model, na Fokker Dr.I iliyokuwa jikoni ikatolewa na Meng. Baadhi ya waliofanya kazi pale wakaanzisha Kotare, wakaanza na Spitfire Mk.Ia. Funzo la kibiashara lilieleweka na wote: kampuni ndogo huchagua Spitfire kwanza, hata kama dunia imejaa Spitfire, kwa sababu ndiyo inayolipa kalibu ya ndege ya pili.

Hili ndilo jibu la swali linaloulizwa kila mwaka kwa ghadhabu, "Kwa nini 109 nyingine?" Messerschmitt Bf 109 nyingine ndiyo inayolipa mishahara. Bila hiyo usingepata ndege yako ya ajabu.

Kalibu za muda mfupi

Kati ya chuma kizito na kutopata kabisa kuna njia ya kati, na kampuni za Jamhuri ya Czech ndizo mabingwa wake. Kalibu hutengenezwa kwa vifaa laini na nafuu, mgandamizo unakuwa mdogo, na idadi inayotarajiwa ni maelfu machache. Special Hobby wametoa kwa namna ya gharama ndogo ndege za 1/32 ambazo wakubwa hawakuzigusa, ikiwemo Fiat G.50 na Westland Whirlwind. HpH walikwenda mbali zaidi na Catalina, kiwiliwili cha nyuzi za kioo na sehemu ndogo za resini, kwa bei inayowatisha wengi.

Ukiomba ndege adimu, jua unaomba seti ya aina hii. Utakachokutana nacho ni malango manene ya plastiki yanayounganisha sehemu na fremu, yanayotakiwa kukatwa kwa msumeno badala ya koleo, ngozi nyembamba pembeni mwa kila sehemu, na kukosekana kwa pini za kulenganisha. Kabla ya gundi, bandika vipande vya plastiki vya milimita 0.5 kwa 10 ndani ya ukingo wa kiwiliwili, kimoja kila sentimita 4, kwa kupishana kushoto na kulia, ili nusu mbili zikutane bila kuteleza. Shina la bawa lipigwe msasa kwenye kioo bapa, si kwa mkono hewani. Bawa refu kuliko sentimita 30 liwekewe mhimili wa bomba la alumini unaopita kiwiliwili kizima, la sivyo maungio yatapasuka kila ndege inapobebwa.

Namna ya kuandika ombi

"Tunaomba Beaufighter nzuri" ni kelele. Revell walikuwa na Beaufighter ya 1/32 tangu miaka ya 1970, na mtengenezaji anajua watu wanataka mpya. Asichokijua ni yale yanayompunguzia gharama. Ombi linalosomeka linataja toleo kamili, tuseme TF.X badala ya "Beaufighter". Linaonyesha sehemu zipi zinatumika kwa matoleo mengine mawili au matatu na zipi zinabadilika. Linataja ndege iliyobaki, ipo wapi, na sehemu zipi zake si za asili, maana ndege za makumbusho mara nyingi zimefungwa magurudumu au viti vya ndege nyingine, na kosa hilo hunakiliwa na skana ya leza kwa uaminifu wote. Linataja nchi zilizoirusha, kwa kuwa kila nchi ni soko na ni karatasi ya dekali. Linaeleza seti iliyopo ina kasoro gani kwa milimita, si kwa hisia.

Usiweke ndege 40. Orodha ndefu humwambia msomaji kwamba mwandishi hatanunua zaidi ya mbili.

Na hoja ya "nitanunua kwa bei yoyote" iachwe kabisa. Kila kampuni imeisikia na kila kampuni ina ghala la kuikanusha.

Ukichoka kungoja

Printa za resini zimebadilisha mambo kwa ndege zisizo na nafasi kwenye chuma. Tabaka la milimita 0.05 ni milimita 1.6 kwenye ndege halisi, kwa hiyo baada ya praima na msasa laini mistari ya tabaka inapotea. Kosa la kwanza la wengi ni kuchukua mchoro uliotengenezwa kwa 1/72 na kuukuza asilimia 225. Ukingo uliokuwa milimita 0.8 unakuwa 1.8, sawa na karibu sentimita 5.8 za ndege halisi. Kinyume chake pia ni kosa: mchoro wa vipimo halisi ukipunguzwa hadi 1/32, bati la milimita 1 linakuwa unene ambao printa haiwezi kuutoa, na sehemu zinakuja zimetoboka. Tafuta mchoro uliokusudiwa 1/32, au tenga siku za kurekebisha unene: milimita 1.5 hadi 2 kwa kuta, si chini ya 0.5 kwa milingoti.

Bawa halitaingia zima kwenye printa ya kawaida. Likatwe kwenye mstari wa bati, kila kipande kiwe na tundu mbili za pini za milimita 3, na lisimamishwe kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45, nguzo zote zikiwa upande utakaofichwa. Kiwiliwili kitobolewe ndani, na kiwe na matundu angalau mawili ya milimita 3 ya kutolea resini. Osha kwa spiriti ya isopropili dakika 3 hadi 5, na ndani uoshe kwa bomba la sindano. Acha kikauke nusu saa kabla ya taa ya urujuanimno inayogumisha resini. Ukiwahi taa, uso unakuwa mweupe wa unga. Ukiacha resini mbichi ndani, kiwiliwili kinapasuka wiki kadhaa baadaye ukiwa umeshapaka rangi. Glavu za nitrili na dirisha wazi si hiari, resini mbichi inaunguza ngozi.

Miguu ya magurudumu isitegemee resini peke yake. Katika joto la pwani inalegea taratibu chini ya uzito, na baada ya miezi ndege inaegemea upande mmoja. Toboa katikati, ingiza fimbo ya shaba ya milimita 1.5 au 2, ishike kwa epoksi. Kwa ndege yenye gurudumu la mbele, pima uzito wa pua kabla ya kufunga kiwiliwili: unganisha kila kitu kwa utepe, weka ndege juu ya kalamu mbili mahali pa magurudumu makuu, ongeza risasi za uvuvi puani hadi mkia unyanyuke, kisha ongeza tena kama asilimia 20, maana rangi na mkia vitaongeza uzito nyuma.

Za kwetu

Kwa anayejenga ndege zilizoruka Afrika Mashariki, tatizo mara nyingi si seti. Kenya ilirusha Hunter FGA.9 miaka ya 1970, na Revell walitoa Hunter hiyo kwa 1/32. F-5E, ambazo Kenya ilianza kuzipokea mwaka 1978, zimetolewa na Hasegawa na baadaye Kitty Hawk, ingawa Kitty Hawk imeshafunga. Kinachokosekana ni dekali. Printa ya leza ya ofisini inachapa kwenye karatasi ya dekali vizuri, ila haina wino mweupe. Ukitumia karatasi angavu, nyekundu ya nembo inazama kwenye rangi ya ndege. Tumia karatasi nyeupe na ukate karibu kabisa na ukingo, au kata kiolezo cha utepe na upake rangi moja kwa moja. Nembo ya kupakwa haina ukingo wa filamu, na kwa 1/32 ukingo huo unaonekana hata ukiwa mbali.

Ndege za Rufiji ni jambo jingine. Julai 1915 Waingereza waliokuwa Mafia waliruka na Henri Farman na Caudron kuelekeza mizinga ya meli zao za kivita Severn na Mersey dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta. Caudron G.III ina upana wa mita 13.4, sentimita 42 kwa 1/32, fremu wazi ya mbao na waya, injini na kiti na karibu basi. Kwa kalibu ya chuma ni ndoto: sehemu nyembamba zinazovunjika kwenye fremu, wanunuzi wachache, toleo moja. Kwa printa na fimbo za shaba ni kazi ya miezi miwili. Mabawa yachapwe, milingoti iwe ya shaba ya milimita 1, waya zivutwe kwa uzi wa nailoni wa milimita 0.12 na kukazwa kwa kupitisha ncha ya moto karibu bila kuugusa. Anza na waya za katikati kwenda nje, kushoto na kulia kwa zamu; ukimaliza upande mmoja kwanza, mabawa yote yanavutika upande huo na hayarudi.